Nusu saa ya hisabati kwenye hafla ya kumuaga mwalimu

Tunajiandaa kumuaga mwalimu wetu wa hisabati hapa Mtwara, anastaafu. Kamati imeshagawana kazi: michango, pilau, keki, risala. Mimi niliomba nusu saa ya hisabati. Mwenyekiti akashangaa: "Hisabati kwenye sherehe, mwalimu?"

Ndiyo. Wanahisabati ndivyo wanavyoenziana. Julai 2013 walikutana Budapest, Hungaria, kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe Paul Erdős, bingwa wa kombinatoriki (hisabati ya kuhesabu njia za kuchagua na kupanga vitu), na heshima waliyompa ni kuendelea na kazi yake. Erdős aliandika makala kama 1,500, akishirikiana na watu zaidi ya 500. Alihama nchi hadi nchi na sanduku lake, akigawa maswali na kuahidi fedha kwa atakayeyajibu. Mauti yalimkuta Warsaw mwaka 1996, akiwa kwenye mkutano wa hisabati.

Jana niliwapa vijana wa kidato cha tano swali ambalo Esther Klein aliwaletea wenzake wa Budapest, Erdős akiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tupa korosho tano mkekani, ovyo tu, mradi tatu zisikae kwenye mstari mmoja. Lazima nne kati yake zifanye umbo la pande nne lisilobonyea popote. Kwa nini? Zungushia uzi kwa nje. Uzi ukishika korosho nne au tano, umemaliza. Ukishika tatu, mbili zimebaki ndani: pitisha mstari kwenye hizo mbili, na kati ya zile tatu za nje, mbili zitaangukia upande mmoja. Hizo mbili pamoja na mbili za ndani, umbo lako hilo. Kila nikilieleza nafurahi upya.

Erdős na George Szekeres walilipanua swali hilo katika makala ya 1935. (George na Esther walikuja kuoana.) Ili kuwa na uhakika wa kupata umbo kama hilo la pande tano, zinahitajika korosho 9. Kwa pande sita 17, na uthibitisho wake, uliofanywa kwa kompyuta, ulichapishwa 2006. Kwa pande saba inadhaniwa ni 33.

"Inadhaniwa? Kwani hata huko Ulaya hawajui, mwalimu?" binti mmoja akauliza.

"Hawajathibitisha."

Akaomba korosho zaidi.

Huyu tunayemuaga ndiye aliyenifundisha kuhesabu njia za kuchagua bila kuziorodhesha moja moja. Kanga na bahasha anastahili, tena nono. Ila namtakia pia kuwaona wanafunzi wake wakibishana juu ya swali zuri mbele yake. Kamati imenipa dakika 15, kabla ya keki. Nimezikubali, na yule binti ndiye atakayetupa korosho.