Kocha alikuwa sahihi, nami sikumsikiliza

Nianze na siku niliyokosea, maana yote niliyojifunza baadaye kuhusu makocha wanaobishia sheria yalianzia hapo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, hapa Ohio, Marekani, mechi ya besiboli ya watoto wa miaka 12. Ulikuwa msimu wangu wa pili wa uamuzi na siku hiyo nilikuwa nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira. Besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka mchezaji ili afunge alama, ina mkimbiaji. Auti ni moja, yaani timu inayopiga imeshatolewa mtu mmoja, na wakifika watatu zamu yao imekwisha. Mpigaji ana straiki mbili, makosa mawili yaliyohesabiwa dhidi yake, na la tatu ndilo la kumtoa. Mrushaji akarusha, mpigaji akapiga hewa, mdakaji akaudondosha mpira. Mtoto akatupa gongo, akatimka kwenda besi ya kwanza. Aliyekuwa pale akadhani anafukuzwa, maana besi haikai watu wawili, naye akakimbilia ya pili. Mdakaji akababaika, akautupa mpira mpaka nje kabisa ya mikono ya wenzake. Vumbi lilipotulia, yule mkimbiaji alikuwa amefika besi ya nyumbani, ile ya mwisho, na kufunga alama, na mpigaji amesimama besi ya pili anashangiliwa na ukoo mzima.

Kocha wa timu iliyokuwa inalinda akatoka kwenye benchi. Hakupiga kelele.

"Bluu," akaniita. Ndivyo wanavyotuita waamuzi huku, kwa rangi ya shati. "Besi ya kwanza ilikuwa na mtu, na auti ni moja. Mpigaji ametoka."

Nikamjibu kwamba mpira umedondoka, kwa hiyo mtoto ana haki ya kukimbia.

"Basi muulize mwenzako."

Mwenzangu, mwamuzi wa pili, alikuwa pale pale uwanjani, hatua chache tu, na ananitazama. Nikakataa. Nikasema uamuzi umeshatoka, tuendelee.

Nataka nieleze kwa nini nilikataa, kwa sababu naamini waamuzi wengi wageni wa mchezo huu watajiona humo. Mimi nimekulia Tanga. Nimecheza chandimu, nimecheza rede, besiboli nimeikuta ukubwani kwa sababu ya mwanangu. Nikifungua mdomo, lafudhi yangu inafika kabla ya maneno. Wiki chache kabla ya mechi ile, mzazi mmoja alinipigia kelele kutoka ukingoni akiniuliza mchezo huu nimeujulia wapi. Neno lile lilikuwa bado linaniuma. Kwa hiyo kocha aliponiambia nimuulize mwenzangu, nilisikia sauti ya yule mzazi. Niliona kuuliza ni kukiri mbele ya watu kwamba sijui.

Timu ile ikafungwa kwa tofauti ya alama moja, na aliyefunga alama hiyo ni yule mpigaji niliyemwacha besi ya pili.

Usiku nikafungua kitabu cha kanuni. Straiki ya tatu isipodakwa, mpigaji anaruhusiwa kukimbia ikiwa besi ya kwanza iko wazi, au ikiwa auti zimeshafika mbili. Kama besi ya kwanza ina mtu na auti ni pungufu ya mbili, mpigaji ametoka hapo hapo, iwe mdakaji kaudaka au kaudondosha. Yule mkimbiaji mwingine alifunga kihalali, kwa sababu mpira ulikuwa hai. Lakini mpigaji hakuwa na haki ya kubaki uwanjani hata sekunde moja. Kocha alikuwa sahihi neno kwa neno, na aliniambia kwa adabu, nami nilimnyima haki yake na ya watoto wake.

Nililala vibaya. Asubuhi nikampigia mratibu wa waamuzi nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namjua Jim Joyce. Sikumjua. Akanisimulia mechi ya Detroit ya tarehe 2 Juni 2010, ambapo mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo na amebakiza mmoja tu kukamilisha mchezo usio na dosari, jambo la nadra mno. Kwa mpigaji wa mwisho, Joyce, aliyekuwa mwamuzi wa besi ya kwanza, akaamua kwamba mpigaji huyo amefika salama. Picha za marudio zikaonyesha alikuwa ametoka. Joyce akaziangalia, akasema hadharani kwamba amekosea, akamwomba radhi yule kijana. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya orodha ya wachezaji kabla ya mechi, wakashikana mikono, na Joyce akalia mbele ya uwanja mzima.

"Sasa sikiliza," mratibu akaniambia. "Kosa la Joyce lilikuwa la macho, na kwa kanuni za wakati ule halikuwa na njia ya kurekebishwa. Lako lilikuwa la sheria. Lingerekebishwa palepale, kabla mpira mwingine haujarushwa."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Kanuni ya 8.02 ya kitabu cha mchezo huu inatenganisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nayachanganya. La kwanza ni alichokiona mwamuzi: mpira ulipita ndani au nje, mkimbiaji aliguswa au hakuguswa. Hilo limekwisha, halijadiliwi, na kocha anayeacha nafasi yake kuja kubishia boli na straiki, yaani mpira uliohesabiwa nje au ndani, anaonywa, akiendelea anatolewa. La pili ni sheria yenyewe. Hapo kocha ana haki kamili ya kutoka kwenye benchi na kusema umetumia sheria kimakosa, na mwamuzi anaruhusiwa kuomba maelezo kwa mwenzake kabla ya kusema neno la mwisho.

Kwetu tuliozoea kandanda hili ni geni. Mwamuzi wa soka hamruhusu kocha aingie uwanjani kujadili sheria naye. Tangu 2019 anaweza hata kumwonyesha kadi ya njano au nyekundu. Mimi nilikuja kwenye besiboli na moyo wa soka, nikimwona kila kocha anayenijia kuwa mvunja nidhamu. Kumbe wengine wanakuja na haki mkononi.

Kipindi chote cha baridi nikakisoma kitabu. Sikukariri tu, nilitafuta sababu ya kila sheria, na hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Ile ya straiki ya tatu, kwa mfano, ipo ili mdakaji asiudondoshe mpira makusudi, akawalazimisha wakimbiaji waondoke kwenye besi zao na kuwatoa wawili kwa mpigo. Ukiijua sababu, unaweza kumweleza kocha aliyekasirika kwa sentensi mbili, na sauti yako haitetemeki.

Msimu uliofuata nikabadilisha namna ya kumpokea kocha. Akiomba muda, nampa. Nasogea naye pembeni, mbali na wachezaji na wazazi, mikono yangu ikiwa chini. Namwacha aseme. Kisha namuuliza swali moja: "Kocha, unazungumzia nilichokiona au sheria niliyotumia?" Kama ni nilichokiona, namwambia nimekusikia, uamuzi unabaki, turudi mchezoni. Kama ni sheria, namwomba aniambie ni sheria gani, na nikiwa na chembe ya shaka namwita mwenzangu, tunateta wawili peke yetu. Nilidhani kufanya hivyo kutanishushia heshima. Mara ya kwanza nilipogeuza uamuzi wangu baada ya kuteta, nikawaita makocha wote wawili nikasema, "Nilikosea sheria, mpigaji anarudi," hakuna aliyenizomea. Kocha aliyeumizwa na mabadiliko yale alikunja uso, akarudi kukaa.

Wapo wasiozungumzia sheria wala macho. Hao siwabembelezi. Kocha akisema "uamuzi ule ni mbovu," nitamsikiliza. Akisema "wewe ni mbovu," ametoka. Msaidizi mmoja alichora mstari kwenye vumbi kwa mguu kunionyesha mpira ulipita wapi. Nilimtoa kabla hajamaliza kuuchora, nikaandika ripoti usiku huo huo, na sijawahi kujuta.

Lakini kisa kilichonipima kweli ni cha balki.

Mrushaji akiwa na mkimbiaji kwenye besi, haruhusiwi kumhadaa. Lazima atulie kabisa kabla ya kurusha, na akishaanza mwendo wa kumrushia mpigaji asiukatize. Akikiuka, hiyo ni balki, na wakimbiaji wanasogezwa besi moja. Sasa kwenye kanuni za ligi za kulipwa, zile ambazo kila mtu anaziona kwenye televisheni, mrushaji akifanya balki na bado akarusha, na mpigaji akaupiga mpira, na yeye na wakimbiaji wote wakasonga angalau besi moja, mchezo unabaki kama ulivyo. Kwenye kanuni za shule za sekondari za Marekani sivyo. Balki ikitokea tu, mpira umekufa. Kinachofuata hakihesabiki.

Ilikuwa ligi ya vijana wa miaka 15 inayotumia kanuni za shule. Awamu ya saba, ya mwisho. Timu inayopiga iko nyuma kwa alama moja, auti mbili, mkimbiaji besi ya pili. Mimi niko uwanjani, nyuma ya mrushaji upande wa besi ya tatu. Mrushaji akashusha mikono, hakutulia, akarusha. Nikapaza sauti: balki! Nikanyanyua mikono. Lakini mpira ulikuwa umeshatoka, na kijana akauchapa mpaka kwenye uzio. Mkimbiaji akafunga, mchezo ukawa sare, mpigaji yuko besi ya pili, wenzake wamemwagika nje ya benchi wanarukaruka.

Nikawarudisha. Mkimbiaji besi ya tatu, mpigaji arudi kupiga. Alama imefutwa.

Kocha alikuja mbio, uso mwekundu. "Mrushaji wao ndiye aliyekosa, na wewe unatuadhibu sisi!"

Moyoni nilimwona ana hoja. Na bado naamini, kama mtu anayeupenda mchezo huu, kwamba kanuni ile inamuumiza asiye na kosa. Ila sikuwa pale kutunga kanuni. Nikasogea naye kuelekea uzioni, nikamwacha amalize. Akasema balki anazitazama kila wiki kwenye televisheni na mpira unaendelea.

"Kocha, unazungumzia sheria. Una haki. Kwenye televisheni wanacheza kwa kitabu kingine. Kwa kitabu cha shule, balki inaua mpira papo hapo. Nitamwita mwenzangu aje akueleze anavyojua yeye."

Mwenzangu siku hiyo alikuwa mzee mstaafu wa posta, aliyekuwa mwamuzi tangu mimi niko shule ya msingi. Akavua ngao ya uso, akaja taratibu, akasikiliza, akasema maneno matatu: "Mpira umekufa, kocha." Kisha akarudi nyuma ya besi ya nyumbani.

Kocha alinitazama kwa muda. Nilijua anapima kama aongeze neno. Nikabaki kimya, nikampa nafasi ya kuondoka bila kumfuata wala kumnyooshea kidole, maana nimeona waamuzi wanaoharibu kila kitu kwa kumsindikiza kocha mpaka kwenye benchi. Akageuka, akaenda.

Kijana akarudi kupiga, akatolewa kwa straiki, mchezo ukaisha. Aliketi chini akalia. Nilitembea kwenda kwenye gari nikiwa na uhakika nimefanya sawa, na moyo mzito vilevile.

Msimu uliofuata nilikutana tena na kocha yule. Kabla ya kila mechi huwa tunasimama sote kwenye besi ya nyumbani, makocha wakuu na waamuzi, kupokea orodha za wachezaji na kukumbushana kanuni za uwanja. Tulipomaliza nikauliza kama kuna swali.

"Leo balki inaua mpira?" akauliza. Hakutabasamu.

"Inaua, kocha."

Akamgeukia msaidizi wake. "Waambie vijana."