Baruti ileile, mizani inatoa majibu tofauti

Hatimaye nimetulia. Risasi za kuwindia kulungu hapa Texas najaza mwenyewe, na mizani yangu ya kidijitali ilikuwa haikai kwenye jibu moja. Nilibadilisha betri, nikazima feni, nikanunua mizani nyingine ya bei zaidi. Wapi!

Kumbe tatizo ni kudondosha baruti chembe chembe sahani ikiwa juu ya mizani: baadhi ya mizani huona nyongeza ndogo hivyo kama mtikisiko tu, haziihesabu. Sasa kila nikiongeza chembe nainua sahani, nairudisha, nasubiri namba itulie, ndipo nasoma. Greni (kizio tunachopimia uzito wa baruti) 0.1 ni karibu gramu 0.0065 tu, kwa hiyo nahakiki mizani kwanza kwa jiwe dogo la mizani linalokaribia kipimo changu, si kwa jiwe la gramu 50 pekee.