Projektaili ilinitoa jasho kidato cha tano, hivi ndivyo nilivyoipata

Mi nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), na kama kuna topiki ilitaka kunirudisha nyumbani basi ni projektaili, yaani mwendo wa kitu kilichorushwa hewani. Testi ya kwanza nilipata 4 kwa 20, na hizo 4 zenyewe nahisi ticha aliuonea huruma mchoro wangu. Na sio kwamba sikuwa napiga msuli, fomula nilikuwa nazo zote kichwani, ya renji (umbali kitu kinapotua), ya kimo cha juu kabisa, ya muda wa kukaa hewani, swali likija naangalia linafanana na ipi nachomeka namba basi. Sa kwenye testi likaja jiwe limerushwa kutoka juu ya jengo la mita 15, spidi mita 20 kwa sekunde, digrii 30 kwenda juu, tumia g (akselaresheni ya graviti) ni 10. Nikatia kwenye fomula ya renji nikapata mita 34.6, nikalipigia jibu mistari miwili chini kwa raha zangu. Kumbe ile fomula ni ya kitu kinachotua usawa uleule kilipoanzia! Labda tuliambiwa darasani, labda nilikuwa nasinzia.

Aliyenitoa ni kipanga mmoja, yaani kichwa cha darasa, wa bwenini kwetu. Baada ya prepo nikamfuata na daftari, hata hakulifungua. Akaomba shilingi mia mbili mbili, sarafu moja akaiweka ukingoni mwa meza, nyingine juu ya ncha ya rula iliyotokeza nje, akaniambia kaka usiangalie, sikiliza tu. Akaigonga rula kwa pembeni, ya mezani ikaruka kule karibu na mlango, ya kwenye rula ikadondoka palepale chini wima. Ta! Mlio mmoja. Akarudia kwa nguvu zaidi, sarafu ikaenda mpaka chini ya kitanda cha mtu, mlio bado mmoja. Yaani kwenda mbali hakucheleweshi kuanguka hata kidogo. Nimesoma hiyo sentensi kwenye desa mara mia ila kuisikia kwa sikio ni kitu kingine bana.

Tangu siku hiyo swali lolote la projektaili nachora mstari katikati ya karatasi, kushoto mlalo, kulia wima. Kushoto hakuna akselaresheni (upepo tunaufumbia macho), kwa hiyo kule kazi ni moja tu, umbali ni spidi mara muda. Kulia kuna graviti, na huko ndo zinatumika zile ikwesheni za mwendo za kawaida. Kitu kinachovuka mstari ni muda peke yake, sasa unautafuta upande wenye taarifa za kutosha, mara nyingi ni wima, halafu unaupeleka wa pili. Fomula ya renji niliacha kuishika kabisa.

Nikalirudia lile jiwe. Spidi ya mlalo ni 20 mara kosi 30, ni 17.3. Wima ni 20 mara saini 30, ni 10. Sa hiyo 10 sikuipata mara ya kwanza, kalkuleta ilinipa hasi 19.76, jiwe limerushwa juu linaenda chini mwenyewe nikashangaa, kumbe niliiazima kwa jamaa aliyekuwa anafanya hesabu za radiani (kipimo kingine cha pembe, sio digrii) na kaherufi R kako pale juu ya kioo kadogo hata hukaoni. Mpaka leo kabla ya pepa nabonyeza saini 30 kwanza, isipokuja 0.5 siendelei.

Kosa la pili lilikuwa alama. Nikaandika 15 ni sawa na 10t kutoa 5t mraba (t ni muda, 5 ni nusu ya g), kwenye kutafuta kipeuo ikaja namba hasi ndani, kalkuleta ikagoma. Ukifikiria ina haki ya kugoma, maana kwa wima ya 10 jiwe linapanda mita 5 tu juu ya paa, na mimi nimeiambia lifike mita 15 juu! Ardhi iko chini ya pa kuanzia, kwa hiyo ni hasi 15. Nikaweka hasi, ikaja t mraba kutoa 2t kutoa 3 ni sawa na sifuri, t ni 3 au hasi 1. Chukua 3, mara 17.3, mita 52.

Hasi 1 nikaifuta. Kipanga akaniuliza unafuta nini, nikamwambia muda hauwezi kuwa hasi. Akacheka, akasema rudisha nyuma sekunde 1 uone. Nikapiga, wima inatoka 20, na jiwe liko mita 15 chini ya paa, yaani usawa wa ardhi. Maana yake mtu angesimama kule nyuma mita 17.3, akalirusha kutoka chini sekunde moja kabla, lingepita pale juu ya paa kwa spidi ileile na digrii zilezile na kutua palepale. Tulikaa na hiyo hasi 1 mpaka taa zikazimwa.