Asubuhi Uso, Jioni Miguu

Mwanangu alikuwa na miaka minne alipoanza kuamka macho yamevimba. Ilikuwa Ujiji, Novemba 2014. Kwenye zahanati tulipewa dawa ya mzio, na kweli kila ikifika mchana macho yalifunguka, nikaamini dawa inafanya kazi. Miguu sikuiangalia. Jioni ndala zilikuwa zinambana.

Wiki ya pili tumbo likajaa. Bibi yake akafurahi kwamba mjukuu amenenepa. Kituo kingine wakaniambia ni utapiamlo, nimpe maziwa na mayai. Neno lile lilinichoma. Mtoto anayekula dagaa na maharage ya mawese kila siku! Nywele nyeusi ti, ngozi haina doa. Nililia njia nzima.

Tabibu wa tatu, mtu mzima, hakuanza na karatasi. Alibonyeza muundi wa mtoto kwa kidole gumba, akauachia. Kishimo kikabaki pale pale. Kisha akauliza, "Mama, mkojo wake ukoje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikakumbuka poti: povu lililokuwa linakaa juu ya mkojo bila kupasuka, nami nikidhani sijaisuuza sabuni vizuri.

Alichovya kijiti cha kupimia. Kile kipande cha njano kikageuka kijani kibichi kabla sijamaliza kumfunga mtoto kaptula. Protini, alama nne. Majibu ya damu yalipotoka, albumini, ile protini ya kwenye damu, ilikuwa gramu 14 kwa lita. Chini ya 25, alisema, hapo ni sindromu ya nefrotiki.

"Figo ni kama kung'uto la tui," akanieleza. "La mwanao matundu yametanuka, protini inapita. Damu ikiikosa, maji yanatoka kwenye mishipa. Akilala yanakaa usoni, akisimama yanashuka miguuni."

Wiki mbili nilikuwa nikiyaona yote hayo kwa macho yangu, bila kujua ninachokiona.

Tukaanza prednisoloni, vidonge sita vya miligramu 5 kila asubuhi. Nikapewa vijiti vya kupimia nyumbani, mkojo wa kwanza wa asubuhi, na daftari la kuandika. Alama nne. Nne. Tatu. Nne tena, siku hiyo sikula. Siku ya tisa, moja. Siku ya kumi kijiti kilibaki njano. Nikakipeleka uani kwenye jua, nikakigeuza huku na huku, kisha nikamwita baba yake aje akione.