Mikono ya kikapu, mikono ya sweta

Wapendwa, jana usiku nimefumua sweta nzima. Mwili, mikono, shingo, vyote.

Huku Njombe baridi ya Juni haina mchezo, na oda za sweta zimejaa. Kazi yangu ni kubuni: nachora maua kwenye daftari la hesabu, nafuma sampuli, nahesabu mishono. Sampuli ya hii ilinipa mishono 22 kwa sentimita 10, basi kwa kifua cha sentimita 96 nikaanza na 211. Lakini jioni huwa nasuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi, vile alivyonifundisha bibi kule Iringa. Milulu lazima uivute kwa nguvu, kikapu kikilegea hakisimami. Nikitoka hapo nikashika sindano, vidole bado vinavuta vilevile. Nilipopima nikakuta mishono 24 kwa sentimita 10 zilezile. Sweta imepungua sentimita 8! Mteja angeingiza kichwa tu.

Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, achana na vikapu, ufanye kinachokulisha." Namheshimu sana, ila hilo siliwezi. Ua la pembepembe linaloenda sana dukani nililitoa kwenye kikapu cha bibi, safu kwa safu. Nisiposuka, daftari linabaki jeupe.

Sasa nafuma asubuhi, mikono ikiwa laini. Vikapu nimeviachia Jumamosi mchana na Jumapili nikitoka kanisani. Uzi niliofumua nimeulowanisha na kuuanika, mikunjo inanyooka polepole. Kesho naanza tena, mishono 211.