Pini Iliyokosekana Kwenye Bastola ya Shabaha

Januari 2015 nilikuwa naishi Columbus, Ohio, na kila Alhamisi jioni nilikwenda kwenye klabu ya kulenga shabaha yenye ukumbi wa ndani. Mchezo huu una mizizi katika jimbo hilo. Kaskazini, kando ya Ziwa Erie, ndiko kuliko Camp Perry, ambako mashindano ya taifa ya Marekani yalianza kufanyika mwaka 1907. Ligi yetu ilikuwa ndogo, ya watu waliotoka kazini wakiwa bado na makoti yao mazito, lakini utaratibu ulikuwa ule ule wa siku zote: unasimama wima, mkono mmoja, bastola ya .22, yaani ya risasi ndogo. Risasi 10 za taratibu kwa dakika 10, kisha mifululizo ya risasi 5 kwa sekunde 20, halafu tano nyingine kwa sekunde 10.

Bastola yangu ilikuwa Ruger Mark II yenye mtutu mnene, niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Ni ya ukoo wa ile bastola ambayo William Ruger alianzia kampuni yake mwaka 1949. Mark II yenyewe ilianza kutoka 1982. Niliipenda tangu siku ya kwanza. Inakaa mkononi vizuri na inapiga pale unapolenga. Ila haikuwa ya kutegemewa, na kwa mtu wa shabaha hilo ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Katika risasi za taratibu hata ikikwama unatulia, unaitoa magazini (kile kikasha cha risasi), unalitoa ganda, unaendelea. Katika zile za sekunde 10 ni habari nyingine. Risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mara kidole kinavuta na hakuna kitu. Bolti, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kutoa ganda na kuingiza risasi, imesimama katikati ya safari. Kanuni zinakuruhusu kuurudia mfululizo, lakini akili imeshahama kutoka kwenye shabaha, inakaa inasubiri mkwamo unaofuata. Mkono unaoisubiri bastola ikwame haulengi.

Klabuni kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengi walisema ni kulabu, kile kijino kilicho kwenye bolti kinachoshika ukingo wa ganda na kulivuta nje. Nunua kulabu nyingine iliyonolewa vizuri, shida itaisha. Mmoja alisema ni risasi, mwingine alisema springi. Nikaamua kumpelekea Mzee.

Mzee alikuwa Mkenya, mstaafu wa jeshi la kwao, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya akiwa fundi wa silaha. Alikuja Columbus kukaa na binti yake, tukafahamiana kwenye msiba wa jamaa mmoja wa Mombasa. Kwa simu hakuniuliza bastola ni ya aina gani. Aliniambia tu kwamba Alhamisi inayofuata, kila inapokwama, niliokote lile ganda lililokwama na kuliweka peke yake, nisilichanganye na mengine.

Jumamosi nikafika kwake, kwenye gereji ya binti yake, hita ndogo ya umeme ikivuma kwenye kona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na maganda?"

Nikampa. Bastola ilikuwa ndani ya sanduku lake, magazini nje, bolti wazi, na ile bendera ya plastiki ya rangi ya chungwa ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, kuonyesha kuwa ni tupu. Hata hivyo aliichukua, akachungulia, akaingiza kidole kidogo akapapasa, akanipa na mimi nichungulie. Ndipo akaiweka chini na kuanza na maganda, bastola asiiguse tena kwa muda mrefu.

Aliyamwaga juu ya karatasi nyeupe, akawasha taa, akavaa kile kioo cha kukuzia cha mafundi saa. Alikuwa akiligeuza kila ganda kwa kibanio, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Kulabu haina makosa," alisema. "Angalia hapa kwenye ukingo. Imeuma vizuri, haikuteleza. Ungenunua mpya ungetupa pesa. Sasa angalia ubavuni."

Nikaangalia. Kwenye shaba ya ganda kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele, umenyooka kutoka upande wa mbele hadi karibu na ukingo. Kwenye ganda la pili ulikuwepo. Kwenye la tatu pia. Na kwenye yote ulikaa sawasawa na pale ilipopiga pini ya kugonga, ile inayoilipua risasi.

Hapo Mzee akatabasamu. Mimi bado sikuelewa, naye hakunieleza. Alitaka kwanza tuifungue.

Aliyewahi kuifungua Mark II anajua kazi yake. Mtengenezaji mwenyewe alikuja kuirahisisha kwa kutoa Mark IV mwaka 2016, ambayo unabonyeza kitufe kimoja tu inafunguka. Yangu ilikuwa ya kuchomoa kipande cha nyuma ya mpini, bolti itoke kwa nyuma, na wakati wa kurudisha uombe Mungu kile kijiti cha nyundo kiangukie mahali pake. Mzee aliifungua bila haraka, kila kipande akakipanga juu ya taulo kwa mpangilio wa kutoka.

Alianza na usafi, kwa sababu hataki kuhukumu chuma kabla hajakiona. Risasi ya .22 Long Rifle, tangu ilipobuniwa mwaka 1887, haijabadilika sana umbo: risasi ya madini ya risasi iliyopakwa nta au mafuta kwa nje. Ile nta huchanganyika na masizi ya baruti na kujenga utando mgumu ndani ya chemba, na katika baridi ya Ohio utando huo huwa kama gundi. Alisugua kwa brashi ya shaba nyekundu na dawa, akafuta, akasugua tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Bolti ikiwa mbali upande wa pili wa meza na pini ya kugonga ikiwa ndani yake, aliuinamisha mtutu chini, akachukua risasi moja kwa kibanio na kuiachia iingie kwenye chemba kwa uzito wake tu.

Iliingia, ikasimama. Ulibaki mwanya mdogo kati ya ukingo wake na chuma, mdogo mno, lakini unaonekana.

"Ilitakiwa ianguke mpaka mwisho," alisema. "Kuna kitu kinaizuia mlangoni."

Akachukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakizungusha kwenye mdomo wa chemba. Nyuzi za pamba zikanasa mahali pamoja. Akanipa na mimi nizungushe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa vidole kabla ya kuelewa kwa akili: kulikuwa na kinundu cha chuma, kisichoonekana kwa macho matupu, kimejitokeza kuelekea ndani ya chemba.

Kisha akaishika bolti, akaielekeza kwenye taa, akanionyesha tundu linalopita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Taa ilionekana upande wa pili.

"Hapa palitakiwa kuwa na pini ndogo. Iko wapi?"

Haikuwepo. Na kwa kukosekana kwake mambo yote yalijieleza. Katika risasi ya .22 kiwashio hakiko katikati ya kitako kama kwenye risasi kubwa; kimezunguka ndani ya ukingo. Pini ya kugonga huuponda ukingo huo dhidi ya mdomo wa mtutu. Ukivuta kidole bila risasi ndani, pini haina cha kuponda, kwa hiyo inaendelea mbele. Mark II ina kizuizi cha jambo hilo: pini ndogo inayokatiza bolti, inayoisimamisha pini ya kugonga kabla haijafika kwenye chuma cha mtutu. Kipini hicho hutoka kirahisi wakati wa kusafisha. Kabla yangu kuna mtu aliisafisha, akairudisha bila hicho, kisha akafanya mazoezi ya kuvuta kidole bila risasi, jambo ambalo sisi wote wa shabaha hulifanya nyumbani jioni. Kila mvuto ulikuwa nyundo juu ya mdomo wa chemba, na chuma kilichopondwa kilisukumwa ndani.

Nilimuuliza kama tukipige tupa kidogo kiishe. Mzee aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Hapana. Chuma ukikitoa, hakirudi. Hiki hakijapotea, kimesogea tu. Tutakirudisha."

Tukaagiza vitu viwili: pini mpya na kifaa cha kunyoosha chemba, ambacho ni chuma kigumu kilichong'arishwa na kuchongoka kidogo mbele, kinene sawa na chemba inavyopaswa kuwa. Vilipofika nilirudi. Alikipaka mafuta, akakiingiza pale penye kinundu, akakisukuma na kukizungusha polepole, akajaribu kwa risasi, akasukuma tena. Hapakutoka hata unga wa chuma. Mwishowe risasi ikaanguka ndani kwa mlio mdogo wa "tik", na mtutu ulipoinuliwa ikatoka yenyewe. Nakiri macho yalinilenga machozi. Mzee alikuwa ameinama juu ya taulo, anatafuta kile kipini kipya.

Alikiweka mbele yangu, nikiona, kisha akanifanya nikitoe na kukirudisha mwenyewe. Magazini tulizisafisha na kuziacha kavu bila mafuta, kwani mafuta ndani ya magazini hukusanya masizi na kuzuia springi. Kuhusu risasi aliniambia nibaki na za mwendo wa kawaida, zile za kasi kubwa niachane nazo kwa shabaha.

Alhamisi ile nilimchukua kwa gari tukaenda pamoja. Alikaa nyuma ya kioo, na vizuia sauti masikioni. Mifululizo ya sekunde 20 ilipita. Ya sekunde 10 ikaja. Maganda yalitoka moja baada ya jingine yakigonga ubao wa upande wa kulia, matano bila kusita, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue bastola ile nilikuwa naziangalia sayiti tu, zile alama za kulengea, sikuwa nawaza kitu kingine. Sikushinda usiku ule. Nilikuwa wa katikati ya orodha, na nilifurahi kuliko aliyeshinda.

Tulipokuwa tunafunga masanduku, jirani yangu wa mstarini, Mmarekani mtu mzima mwenye Mark II kama yangu, akauliza nimeweka kulabu gani. Nikamwelekezea kwa Mzee. Mzee alimwomba atoe magazini, aweke bendera, kisha amwonyeshe ubavu wa bolti. Akaielekeza kwenye taa ya dari, na taa ikaonekana upande wa pili.