Jinsi nilivyomaliza vurugu ya ritifaa kwenye majina ya biashara

Katika orodha niliyokuwa nahariri, jina moja lilikuwa na sura tatu: McDonalds, McDonald's, na McDonald’s yenye ritifaa (kile kialama cha juu kabla ya s) iliyopinda. Hizo mbili za mwisho machoni zinafanana, ila kwa kompyuta ni alama tofauti, zenye namba za msimbo U+0027 (iliyonyooka) na U+2019 (iliyopinda). Ndiyo maana nikitafuta moja, nyingine haitokei! Ilinichosha kweli.

Nilizinyoosha zote zilizopinda kwa mkupuo. Kisha nikafuata mwenye jina anavyojiandika, hata sarufi ikikataa. Kwa maduka ya Uingereza: Harrods haina ritifaa, Waterstones waliiondoa 2012, Sainsbury's wanayo.

Mabango ya Kiswahili sikuyalegezea. "Ngombe" ni kosa. Ng na ng' ni sauti mbili, kama ngoma na ng'oa.